Risasi za Sanduku Jipya

Wiki iliyopita tulimzika wifi yangu Nambeye huko Kamsamba, nami nimerudi Tunduma na miguu iliyovimba na moyo mweupe. Wajukuu walionisindikiza waliona aibu kwa sababu nilicheka kaburini, na mmoja nilimsikia akimnong'oneza mwenzake kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa hata kidogo. Mchungaji alikuwa anasema marehemu alikuwa mama mpole asiyependa maneno, na hapo ndipo kicheko kiliponitoka. Nambeye mpole! Mwanamke yule ulimi wake ungeweza kukwangua ukoko wa sufuria, na miezi yangu ya kwanza Kamsamba ulinikwangua mimi. Lakini bila ulimi ule nisingekuwa leo mjane wa Elia Simbeye, wala watoto hawa wanaonionea aibu wasingekuwapo. Kwa hiyo nilicheka, kisha nikalia, na vyote viwili vilikuwa shukrani.

Habari za wazazi wangu na za utoto wangu naziacha. Itoshe kusema kwamba nilitoka kwenye baridi ya Mbozi, nilikojifunza kusoma na kushona misheni, nikaolewa kwenye joto la Kamsamba ambako jasho linakutoka hata ukiwa umekaa. Waingereza walikuwa bado wanatawala, vita vikubwa vimekwisha miaka kadhaa nyuma. Mume wangu Elia alikuwa askari wa wanyama, yaani serikali ilimpa bunduki alinde mashamba ya mpunga dhidi ya viboko wa mto Momba. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya udongo, na jiko la kuta za matete likiwa pembeni. Chumbani mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu la bati, na ile bunduki, ambayo ililazwa juu ya vigingi viwili vya mti vilivyochomekwa ukutani, sawasawa na vichwa vyetu. Nilimtania Elia kwamba nimekuja kumkuta mke mwenza, tena wa chuma. Kila jioni aliipaka mafuta kabla ya kula, nami nikangoja huku wali unapoa. Kwetu wali ulikuwa chakula cha Krismasi. Kamsamba nilikula wali na kambale asubuhi na jioni, mpaka nikaota ugali wa ulezi.

Nambeye alikuwa dada mkubwa wa Elia, mjane, nyumba yake ikitazamana na yetu. Ndiye aliyenifundisha miiko ya nyumba ya mwindaji, na alinifundisha kwa kufoka. Mume akitoka na bunduki, mke hagombani na mtu, halali mchana, wala hatoi moto nje. Jirani akija kuomba kaa la moto, aambiwe arudi mwenye nyumba akisharejea. Na zaidi ya yote, mke ajitunze, maana akitembea nje ya ndoa bunduki itajua, nayo itakosa shabaha, au mnyama atamgeukia mwenye bunduki. "Umesikia, mtoto wa misheni?" aliniuliza. Nikasema nimesikia. Moyoni nilicheka kidogo, kwa sababu misheni tulifundishwa kwamba hayo ni mambo ya giza. Sasa nikiwa mzee sicheki sana. Watu wale walikuwa wanatafuta sababu ya vifo vya wawindaji wao, na mtu anayetafuta sababu hushika iliyo karibu.

Mvua zilipoanza, lori la bwana nyama lilileta sanduku jipya la risasi. Bwana nyama ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyekuwa mkubwa wa kazi ya Elia. Risasi za zamani, ambazo Elia alizizoea, zilikuwa na ncha laini ya madini tupu, unaweza kuikwaruza kwa ukucha. Hizi mpya zilivikwa ganda gumu kichwa kizima, zikang'aa mpaka watoto wakataka kuzishika. Elia alifurahi sana. Alisema hizi zinapenya mfupa wa kiboko, zile laini zilikuwa zinapasukia njiani. Zilizobaki za zamani akazitia mfukoni mwa mkanda wake wa ngozi, zikasahaulika humo. Hakujaribu hata moja kati ya zile mpya. Nilimuuliza, akanijibu, "Risasi ni risasi. Bunduki ndiyo ile ile." Nami nilimwamini, ningejua nini mimi, mshona nguo.

Mara ya kwanza alipotoka nazo alikosa. Mara ya pili akakosa tena, akarudi nyumbani, akala kidogo. Elia alikuwa mtu aliyesifiwa kwamba hapotezi risasi ya serikali, na watu wa mashambani walianza kutazamana. Asubuhi ya mara ya tatu, Elia akiwa ameshatoka, mvua ilinyesha vibaya. Leya, mke wa jirani yetu Lazaro, akaja jikoni kwangu amelowa, kigae mkononi, mtoto mgongoni analilia uji. Moto wake ulikuwa umezimwa na maji. Niliukumbuka mwiko. Nikamtazama mtoto. Nikachukua makaa mawili nikamwekea kwenye kigae, nikayafunika kwa jani la mgomba yasizimike. Kabla jua halijachomoza vizuri tukasikia mlio wa bunduki kule mtoni, halafu kelele za watu. Elia alimlenga kiboko nyuma ya sikio, risasi ikamwingia shingoni chini. Kiboko hakufa. Alipita katikati ya mashamba kwa hasira, akamkuta Lazaro anajaribu kukimbia kwenye matope, akamvunja mguu.

Maneno hayakuchelewa. Nani alikuwa nyumbani? Mke mgeni, wa misheni, anayewapa wanaume mkono akisalimia. Ametoa moto kwenda nyumba ya nani? Ya Lazaro. Na kiboko, kati ya watu wote waliokuwa shambani, amemchagua nani? Kufikia jioni jibu lilikuwa limepikwa na kupakuliwa. Nilikuwa mwanamke wa Lazaro, bunduki imejua, na mguu ule hautaunga mpaka nimtaje kwa mdomo wangu. Nikishataja atachinjwa kuku, bunduki ioshwe kwa dawa, na mimi nirudishwe Mbozi. Elia aliniuliza mara moja tu, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Kulikuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu."

"Basi," akasema. Hapo nikajua kwamba ananiamini na kwamba hawezi kubishana na baba yake mdogo, mzee Simbeye, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Yote mawili yalikuwa kwenye lile neno moja. Nilimkasirikia, sitaficha. Nilitaka mume anayepiga kelele.

Kilichonivunja nguvu hakikuwa wazee. Leya alikuja kesho yake mchana, akaketi karibu na mafiga yangu kama siku zote, macho yamemvimba. Kutoka kwao tulikuwa tunamsikia Lazaro akiguna kila alipojigeuza.

"Dada Tabita, sikuja kugombana," alisema. "Mtaje tu."

"Nimtaje nani, Leya?"

"Mume wangu. Ukimtaja atapona. Sitakuchukia, naapa. Hata ukibaki hapa Kamsamba tutachota maji pamoja."

"Leya, wewe unajua si kweli. Moto uliuomba wewe."

"Najua niliuomba. Mengine sijui." Akaanza kulia. "Nina watoto wadogo. Mguu umebadilika rangi. Sema tu, neno linakuuma nini?"

Nimeishi miaka mingi, nimepita misiba na vita vya maneno mpakani hapa, lakini sijawahi kuombwa kitu kizito kwa upole namna ile. Angenitukana ningemtukana. Aliniomba, na baada ya kuondoka nikakata shauri nitasema. Nilijiambia kwamba Mungu anajua ukweli, na mguu wa baba wa watoto ni bora kuliko jina langu. Nikapanga hata nguo zangu kwenye sanduku la bati.

Kikao kiliwekwa uani kwetu. Mimi kama mkwe sikuruhusiwa kumtazama mzee Simbeye usoni wala kusema naye moja kwa moja, kwa hiyo niliketi jikoni nyuma ya ukuta wa matete, na Nambeye akaketi karibu nami kuyapeleka maneno. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mkwe ananong'ona, mwingine anasema kwa sauti. Kupitia matete niliona miguu yao tu na ncha ya fimbo ya mzee. Nambeye alikuwa ametoka kuparua samaki na hakuwa amenisemesha tangu asubuhi. Nilijua ananiona mzigo.

"Mkwe wetu," mzee alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "hatukuchukii. Mambo haya huwapata vijana. Mtaje mtu huyo, tuoshe bunduki, mgonjwa apone. Hatutakupiga."

Nilifungua mdomo. Nambeye akaniziba kwa kiganja chake chote, kikinuka samaki, akapaza sauti kuelekea uani.

"Anasema bunduki ijaribiwe kwanza!"

Sikuwa nimesema kitu. Nilimtolea macho, akanikaza zaidi.

"Ijaribiwe namna gani?" mzee akauliza.

"Anasema bunduki hii ilikuwa inaua vizuri tangu wameoana. Mume ndiye yule yule, mke ndiye yule yule. Kilichobadilika ni kile inachokula. Anasema Elia apige risasi za zamani na risasi mpya mbele ya watu, tuone."

"Maneno yote hayo kayasema mkwe wetu?" mzee akauliza. "Mbona sikusikia hata mnong'ono?"

"Ana sauti ndogo, baba. Wa misheni hawa."

Mtu mmoja alicheka uani, akajikohoza. Mzee akafikiri. "Na moto? Moto alitoa, hakukana."

"Anasema atautoa tena, mbele yenu, bunduki ikilia," Nambeye akajibu papo hapo. Hapo niliacha kupambana na kiganja chake. Nilielewa kwamba mwanamke huyu amejiweka kati yangu na wanaume wote wale, kwa uongo mtupu, na akipatikana ataaibika kuliko mimi.

Lililobaki lilikuwa la Elia. Serikali ilimdai maelezo ya kila risasi: hii imeua nini, mkia wa mnyama uko wapi. Askari aliyepiga ovyo alivuliwa sare, na Elia hakuwa na kazi nyingine wala shamba la maana. Niliiona miguu yake imesimama kwenye udongo. Kisha ikageuka, ikaingia nyumbani, ikatoka na bunduki. "Bwana nyama nitamwambia ukweli," alisema. "Nitamwambia nilipiga kwa ajili ya mke wangu." Mume niliyemtaka apige kelele hakupiga, lakini hadi leo sijui mwanamume aliyesema kubwa kuliko hilo.

Nambeye alileta ungo wake mwenyewe, akaupaka uji mzito wa mchele uliochanganywa na majivu meupe, na katikati akachora doa kwa mkaa. Ukapigiliwa kwenye kichuguu kikubwa upande wa mto, ambako hakuna mtu wala ng'ombe. Elia alilala kifudifudi, mtutu ukiegemea gunia la pumba ili mkono usitikisike. Watu walijaa, hata Lazaro akabebwa na kitanda chake, uso umekuwa wa majivu. Elia alianza na zile za zamani, alizozitoa mfukoni mwa mkanda. Alipiga, ungo ukaruka. Akapiga tena. Mtu aliyetumwa kutazama akapiga kelele kwamba doa limetoboka. Kisha akaweka mpya. Alipiga, ungo ukakaa kimya. Akapiga nyingine, na nyingine, ungo haukuguswa, na wanawake nyuma yangu wakaanza kuguna. Nilisikia mmoja akisema, "Si mnaona? Imemkataa." Nikatazama chini. Nilidhani yamekwisha.

Nambeye hakuguna. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye kichuguu, akainama chini ya ungo, upande wa kushoto, akakwangua udongo kwa kidole. Halafu akaweka kiganja juu ya mahali pale, akageuka kututazama.

"Njooni," akasema. "Zote zimo chini ya mkono wangu huu. Bunduki iliyoharibiwa na mke ingetawanya, moja huku, moja kule. Hii haitawanyi. Risasi hizi mpya nyumba yao ni hapa, na za zamani nyumba yao ni pale juu." Mzee Simbeye akaja na fimbo yake, akatazama, akapima kwa vidole vyake mwenyewe toka hapo hadi kwenye doa. Nambeye hakumpa nafasi ya kusema. "Tabita! Toa moto!"

Waliokuwa kwenye kichuguu wakasogea mbali, nami nikachukua makaa jikoni kwenye kigae, nikapita mbele ya ukoo mzima kuelekea alikosimama Leya. Nilipokuwa katikati ya njia bunduki ikalia, na nilishtuka nusura niyamwage. Leya akapokea kigae kwa mikono miwili, amepiga magoti, nami nikapiga magoti. Kutoka kwenye kichuguu wakaita kwamba ni ya zamani na imeingia kwenye doa. Ndipo Elia akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Akaweka risasi mpya, akalenga juu ya ungo upande wa kulia, mahali patupu, kwa umbali ule ule mzee alioupima, ili risasi ishukie kwenye doa. Akapiga. Ungo ukapasuka vipande viwili.

Watu walipiga vigelegele, hata wale waliokuwa wanaguna, na hasa wao. Mzee Simbeye alivua kofia. Aligeukia jikoni, kama desturi ilivyomtaka, kana kwamba bado nimo, akasema kwa sauti, "Mwambieni mkwe wetu tumekosa sisi." Nilikuwa nyuma yake, nimepiga magoti karibu na kitanda cha Lazaro, na nilikuwa nalia kiasi kwamba nisingeweza kujibu hata kwa mnong'ono. Lazaro alinyoosha mkono akagusa kichwa changu mbele ya watu wote, na hakuna aliyeona ubaya. Baadaye alipelekwa hospitali ya misheni kwa machela, mguu ukaunga, umepinda lakini unatembea. Bwana nyama alipokuja alimkaripia Elia kwa zile risasi, kisha akaomba apelekwe akaone kichuguu. Alikaa pale muda mrefu. Tangu siku hiyo aliagiza kila sanduku jipya lijaribiwe kwanza.

Siku chache baadaye tulikuwa tunatwanga mpunga, mimi na Nambeye, kinu kimoja, michi miwili. Nilimshukuru. Aliendelea kutwanga.

"Mimi nilitaja," alisema.

Sikuelewa. Akaniambia bila kusimamisha mchi. Alipokuwa mke kijana, mumewe aliwinda kwa gobori, na msimu mmoja alinunua baruti kwa mfanyabiashara mwingine, gobori likaanza kukosa. Wakamweka Nambeye jikoni, wakamwambia ataje, hawatampiga. Alikuwa na hofu, akamtaja Siwale, jirani ambaye hajawahi kumsemesha zaidi ya salamu. Siwale akalipishwa, mkewe akamwacha, akahama kwenda Mbangala. "Kuku akachinjwa, gobori likaoshwa," alisema. "Mwezi uliofuata likakosa vile vile. Hakuna aliyekuja kuniuliza tena." Kisha akanifokea kwamba natwanga kivivu.

Baada ya mavuno aliniambia nimsindikize. Tulipanda kwa miguu kutoka bondeni, kila mmoja na kikapu cha mchele kichwani, tukilala kwa ndugu njiani, mpaka hewa ikaanza kuwa ya baridi kama ya kwetu, tukafika Mbangala. Mzee Siwale tulimkuta nje ya nyumba ndogo anachonga mpini wa jembe kwa shoka, mvi kichwa kizima. Alimtambua Nambeye mara moja, nikaona mikono yake imesimama. Nambeye alitua kikapu, akapiga magoti kwenye mavumbi, ulimi ule mkali ukiwa mzito mdomoni. Akasema, "Kaka Siwale, nilikusingizia. Hukunigusa. Nilikutaja kwa woga wangu."

Mzee aliweka shoka chini polepole. Aliinuka, akaenda hadi njiani, akawaita majirani kwa majina, nyumba hii na nyumba ile, akawaita waliokuwa bondeni wanachota maji, akangoja mpaka wote wamefika na kusimama. Akaegemea mpini wake ambao haujakamilika.

"Sema tena," alimwambia.

Wifi yangu akainuka kutoka magotini, akasimama wima, akasema tena, kwa sauti ya kufika mtoni.